Koti Jeupe la Olivia Pope

Wapo watu wakiingia mahali unaiona nguo kwanza, mwenyewe unamwona baadaye. Na wapo wengine ambao unamwona mtu, unamsikiliza, mnaagana, na ni njiani unaporudi nyumbani ndipo unajiuliza: hivi yule dada alivaa nini hata nikawa namtazama vile? Habari ya hawa wa pili ndiyo niliyokuja nayo leo, msikilizaji wangu, na nitaieleza kupitia mwanamke ambaye hajapata kuishi nje ya kioo cha televisheni. Jina lake ni Olivia Pope.

Wengi mnamjua. Tamthilia ya Scandal ilianza kuonyeshwa Marekani na kituo cha ABC mwezi wa Aprili mwaka 2012, ikamalizika Aprili 2018 baada ya misimu 7. Huku kwetu ilitufikia kwa ving'amuzi, na kwa diski zilizokuwa zikiuzwa kwenye vibanda vya mtaani. Mtunzi wake ni Shonda Rhimes, na aliyeigiza kama Olivia ni Kerry Washington. Kwa asiyeijua, Olivia ana ofisi yake mjini Washington, na kazi ya ofisi hiyo ni kuzima kashfa za wakubwa kabla waandishi wa habari hawajazinusa. Balozi kapotelewa na mtoto, seneta kakutwa pabaya, Ikulu ina siri inayotaka kuvuja: simu ya kwanza inapigwa kwa Olivia. Mhusika huyu alichotwa kwa sehemu kutoka kwa mwanamke wa kweli, Judy Smith, aliyekuwa naibu katibu wa habari wa Ikulu wakati wa Rais George H. W. Bush, kisha akajifungulia ofisi ya kazi kama hiyo.

Mkumbuke pia kwamba kabla ya Kerry Washington, mara ya mwisho kwa mwanamke Mweusi kuwa kinara wa tamthilia katika vituo vikubwa vya Marekani ilikuwa mwaka 1974, Teresa Graves alipoigiza katika Get Christie Love! Ilipita karibu miaka 40 hapo katikati. Na mwaka huo wa 2012, katika Ikulu ya kweli, waliokuwa wakiishi ni Barack na Michelle Obama. Ninayatanguliza haya kwa sababu nguo za Olivia Pope, ukizitenga na mwanamke Mweusi anayezivaa huku akikatiza korido za wenye mamlaka, zinabaki nguo za bei kubwa tu, na nguo za bei kubwa zimejaa duniani.

Aliyemvalisha ni Lyn Paolo, mbunifu wa mavazi mzaliwa wa Uingereza. Kabla ya hapo Paolo alikuwa amevalisha The West Wing, tamthilia nyingine ya Ikulu hiyo hiyo ya Marekani, kwa hiyo suti za pale alizijua vizuri: buluu iliyoiva, kijivu cha mkaa, nyeusi, tai nyekundu, basi. Katikati ya watu hao akamwingiza Olivia akiwa amevaa nyeupe. Nyeupe ya maziwa, krimu, rangi ya mchanga mkavu, kijivu chepesi, waridi iliyofifia. Wanaume kumi na suti zao za giza wamesimama mezani, mlango unafunguliwa, anaingia mwanamke mmoja mwenye koti jeupe. Hakuna haja ya muziki wala ya mtu kutangaza kwamba mwenye uamuzi amefika.

Uchaguzi huo haukuwa mwepesi. Nyeupe kwenye kamera ni mtihani. Nyeupe kabisa, ile ya karatasi, hurudisha mwanga mwingi mno na uso wa mwigizaji ukafifia. Ndiyo maana tangu zamani watu wa mavazi kwenye filamu walikuwa wakichovya mashati meupe kwenye maji ya chai ili kuyapunguza makali. Ngozi ikiwa nyeusi shughuli inaongezeka, maana mpiga picha anapaswa kuupima mwanga wa uso na mwanga wa koti kwa pamoja, asiupoteze mmoja kwa ajili ya mwingine. Tunapomwona Olivia aking'ara bila koti lake kuumiza macho, tunaangalia ushirikiano wa fundi wa nguo na fundi wa taa.

Ndani ya hadithi yenyewe rangi hiyo ina kazi nyingine. Olivia na vijana wake hujisifu kwamba wao ndio wenye kofia nyeupe. Usemi huo umetoka kwenye sinema za kauboi za zamani, ambamo mtu mwema alivaa kofia nyeupe na jambazi nyeusi. Lakini hadithi inavyoendelea tunakuja kujua kwamba Olivia huyo huyo alishiriki njama ya kuiba kura kule Defiance, jimbo la Ohio, kura zilizomwingiza Rais Fitzgerald Grant madarakani. Na Rais huyo ni mume wa mtu na ni mpenzi wake. Ukishayajua hayo, koti jeupe hulitazami tena kama mwanzo. Linakuwa dai. Ni mtu anayejivika kila asubuhi picha ya yule aliyetamani kuwa, akitumaini kwamba siku itafika mwili na koti vipatane. Mimi namheshimu Lyn Paolo hapo kuliko kwingine kote, kwa kuwa alimvalisha mhusika mgogoro wake na akaufanya upendeze.

Sasa tuje kwenye mshono, ambapo wengi hupapita haraka. Ukimtazama Olivia kwa makini, vitu anavyovaa ni vichache na vinajirudia. Suruali pana yenye kiuno cha juu, upindo wake ukikaribia sakafu na kuficha kisigino cha kiatu. Blauzi ya hariri isiyo na nakshi. Koti refu la sufu. Mkoba mmoja mkubwa wenye umbo lake, uliobebwa mkononi. Glavu za ngozi wakati wa baridi. Vito vidogo sana. Hakuna jina la kampuni lililoandikwa kifuani, wala kitu kinachoning'inia kwa ajili ya kuning'inia.

Kinachobaki, baada ya kuondoa vyote hivyo, ni jinsi nguo ilivyomkaa. Mshono wa bega unakoma pale bega lenyewe linapokoma. Mkono wa koti unaishia kwenye kifundo cha mkono. Mtazame anapokata korido kwa hatua zake zile za haraka: koti halipandi shingoni, suruali haimkatii hatua, na mikono yake haiendi kurekebisha kitu. Hilo la mikono nataka mlishike. Nguo inayobana kwapani humfanya mtu ajivute kila baada ya dakika mbili. Kola iliyokatwa vibaya humwita mkono shingoni. Sketi inayopanda humfanya mwenyewe akae akiwaza sketi badala ya kuwaza mkutano. Mtu asiyeigusa nguo yake tunamwona mtulivu na mwenye kujiamini, tunasema ni tabia yake, ndivyo alivyozaliwa. Sehemu kubwa ya utulivu huo ni kazi ya fundi aliyeketi na pini mdomoni, akafumua, akabana, akapinda upya. Katika tamthilia ya kiwango kile nguo haitoki dukani ikaenda moja kwa moja mwilini. Inapimwa kwanza, na mara nyingi inafumuliwa.

Tusijidanganye kuhusu bei. Prada, Armani, Burberry, Max Mara: hayo ndiyo majina yaliyokuwa kwenye kabati lile. Koti moja tu la Max Mara linaweza kufika dola elfu kadhaa, na sote tunajua mwalimu wa shule ya msingi hapa kwetu angetumia miezi mingapi kuzipata. Kwa hiyo haikushangaza, mwezi wa Septemba 2014, kampuni ya The Limited ya Marekani ilipotoa toleo la nguo zilizofuata mtindo wa Olivia kwa bei ya mwanamke anayeishi kwa mshahara, Kerry Washington na Lyn Paolo wakishiriki kuzibuni. Koti jeupe lilikuwemo, suruali pana zilikuwemo. Januari 2017 kampuni hiyo ilifunga maduka yake yote, na tamthilia yenyewe ilikuwa bado haijafika mwisho. Siziwekei nguo zile lawama. Biashara ya mavazi ya ofisini katika maduka makubwa ya Marekani ilikuwa na misukosuko yake. Ninachotaka kusema ni kwamba koti lilipatikana kwa bei nafuu, ila fundi wa kulipima begani hakuuzwa pamoja nalo. Aliyelinunua na kulivaa lilivyo alipata rangi ya Olivia, akakosa mwendo wake.

Nirudi kwenye nyeupe, kwa sababu bado sijalisema linalonigusa zaidi. Mwanzoni mwa msimu wa 3, mwaka 2013, kuna mazungumzo makali kati ya Olivia na baba yake, Rowan, aliyeigizwa na Joe Morton. Mwigizaji huyu alipata tuzo ya Emmy mwaka uliofuata, na kwangu alistahili kwa onyesho lile peke yake. Baba anamkumbusha binti somo alilomlea nalo: kwamba mtoto Mweusi katika nchi ile lazima awe bora mara mbili ya wenzake ili apate nusu ya wanachopata. Wamarekani Weusi hawakuhitaji kufafanuliwa. Ni somo linalotolewa katika nyumba zao kizazi baada ya kizazi.

Ukilisikia lile, kisha ukaitazama nguo, unaona kitu kingine. Nyeupe ni rangi isiyosamehe. Tone la kahawa linaonekana, vumbi la kiti linaonekana, poda iliyogusa kola inaonekana. Mwanamke Mweusi anayevaa nyeupe kila siku, katika mji unaongoja ateleze, anawaambia waziwazi: nitazameni, tafuteni doa. Huo umaridadi wake unaoonekana hauna jasho umefunika jasho jingi. Nasikia uchungu ninapolifikiri hili, kwa kuwa nawaona dada zetu wengi wanaoishi hivyo katika ofisi za Ulaya na Marekani, na hata katika ofisi za hapa hapa, ambao hawaruhusiwi siku moja ya kuvaa ovyo kama wenzao wa kiume wanavyoruhusiwa. Mwanamume akichelewa na shati limekunjamana, watu watasema ana kazi nyingi. Dada akichelewa na shati limekunjamana, watasema kazi imemshinda. Basi ninapousifu umaridadi wa Olivia Pope nausifu nikijua bei yake, na bei ninayoisema hapa haimo kwenye risiti.

Watengenezaji walilielewa hili barabara. Katikati ya msimu wa 4, mwishoni mwa mwaka 2014, Olivia anatekwa nyumbani kwake. Hatuoneshwi mapambano. Tunaoneshwa kochi lake la rangi nyepesi likiwa na doa la mvinyo mwekundu, na yeye hayupo. Kwa mtazamaji aliyekaa misimu mitatu na ushei akizoea weupe usioguswa, doa lile lilitisha kuliko bunduki.

Na hapo kwenye kochi kuna jambo jingine la kujifunza. Olivia akitoka kazini anavaa sweta refu laini, suruali nyepesi, anakunja miguu kochini na bilauri kubwa ya mvinyo na bakuli la bisi. Rangi ni zile zile za mchana, kitambaa tu ndicho kimelegea. Hajageuka kuwa mtu mwingine kwa sababu tu hakuna anayemtazama. Wengi wetu tumezoea kuwawekea wageni nguo nzuri, na mwili wetu wenyewe tukaupa fulana iliyochakaa. Mama zetu wa pwani hawakuwa hivyo. Kanga safi, iliyonyooshwa, yenye harufu ya udi, ilikuwa nguo ya kushindia ndani, na mwanamke aliivaa kwa ajili ya nafsi yake kabla ya kuivaa kwa ajili ya mtu. Mwaka 2018, tamthilia ilipokwisha, Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, yaliyo chini ya taasisi ya Smithsonian, yalipokea baadhi ya vitu vya Olivia: koti jeupe, mkoba wa Prada, pamoja na bilauri na bakuli la bisi. Nimefurahi kwamba havikutenganishwa.

Kuhusu nywele nitasema kidogo, ingawa zingeweza kupewa kipindi kizima. Mjini Washington Olivia hunyoosha nywele zake. Msimu wa 4 unapoanza tunamkuta kisiwani, amekimbia kila kitu, nywele ziko kama zilivyoota, na anatumia jina la Julia Baker. Jina hilo lilikuwa la mhusika wa Diahann Carroll katika Julia, tamthilia iliyoanza mwaka 1968: mwanamke Mweusi, nesi, mjane anayelea mwanawe, katika miaka ambayo televisheni ya Marekani ilikuwa imezoea kuwapa wanawake Weusi kazi za utumishi wa ndani. Kwa jina moja tu Shonda Rhimes alitoa heshima kwa aliyemtangulia. Na Diahann Carroll huyo, tangu mwaka 1984, alikuwa Dominique Deveraux katika Dynasty, akivishwa na Nolan Miller mabega mapana, manyoya na vito vinavyomeremeta. Nilizipenda nguo zile na bado nazipenda. Lakini zilikuwa zikitangaza utajiri kwa sauti kubwa, na ilibidi zitangaze, maana kuwepo kwa mwanamke Mweusi tajiri kwenye kioo lilikuwa jambo la kuthibitishwa. Miaka 28 baadaye Olivia angeweza kuingia kimya.

Sasa sisi huku tunachukua nini? Wa Nairobi wakati wa Julai, wa Arusha, wa Njombe na Mbeya, wanaweza kulichukua koti lenyewe. Ukiwa na jicho na subira, makoti mazuri ya sufu yanapatikana kwenye masoko ya mitumba kama Gikomba au Karume, kwa bei ambayo duka lisingeitaja. Geuza koti ndani kwanza uitazame bitana na mishono, kabla hujaiangalia rangi. Wa Dar es Salaam, Mombasa na Tanga waliache koti, wachukue wazo: rangi chache zinazopatana, kitambaa cha pamba au kitani kinachopitisha hewa, na mshono uliokaa. Kanzu nyeupe iliyokatwa vizuri, yenye darizi ya uzi mweupe shingoni isiyoonekana mpaka ukaribie, ilikuwa ikifanya kazi hii kwenye pwani yetu muda mrefu kabla televisheni haijafika. Na kofia ya viua, inayochukua miezi ya kazi ya mkono, inavaliwa kwa sekunde moja na mwenye nayo hasemi neno.

Lakini katika tamthilia zetu wenyewe bado tunamvalisha tajiri kila kitu kwa mpigo. Mikufu, miwani, wigi jipya, gauni la kumetameta, viatu virefu, na yote hayo amevaa yuko sebuleni saa mbili asubuhi. Naelewa sababu: bajeti ni ndogo, nguo zinaazimwa, mwigizaji mara nyingi anajivalisha mwenyewe, na mwenye duka aliyeazimisha anataka bidhaa zake zionekane zote. Hata hivyo mhusika anapotea ndani ya mzigo ule. Ningetamani kuona mtayarishaji mmoja akichukua fedha za magauni matano akashona mawili, akamwita fundi siku ya kurekodi, na jina la fundi huyo likaandikwa mwishoni pamoja na la mpiga picha.

Na wewe uliyeniuliza kwa ujumbe wiki iliyopita uanzie wapi, anzia kwa fundi wako. Nenda na viatu utakavyovaa nguo hiyo, kwa sababu upindo wa suruali unapimwa ukiwa umevivaa. Nguo ikiwa tayari usiibebe kwenye mfuko ukaondoka. Ivae pale pale. Inua mikono yote miwili, keti kwenye benchi lake, inama kana kwamba unaokota kitu, tembea mpaka barabarani na kurudi. Ukijikuta umeigusa nguo hata mara moja, mwoneshe fundi ulipogusa, na mwachie siku mbili za kuifumua. Na malipo ya marekebisho hayo mpe bila kuvutana naye, kwa kuwa hiyo ni kazi ya pili, haimo kwenye ile uliyoilipia kwanza.